Wakili Pekee wa Charleston

Enzi zile, ukikutana na mtu wa Arkansas, atakuuliza kanisa lako kabla hajakuuliza kwenu ni wapi. Mimi jibu nilikuwa nalo: Mmethodisti wa Ribe, pwani ya Kenya, ambako wamishonari wa dhehebu hilo waliweka kambi tangu 1862. Jibu hilo ndilo lililonifikisha Chuo cha Philander Smith mjini Little Rock, chuo cha Wamethodisti kilichoanzishwa 1877 kwa ajili ya Weusi waliotoka utumwani. Ndilo pia lililonipatia chumba kwa bibi mmoja mjane, mwalimu mstaafu, katika nyumba ya mbao yenye baraza pana. Bibi alikuwa na televisheni, na jioni za kiangazi cha 1970 tuliikalia mbele kama watu wanaongoja mgonjwa apate nafuu, maana jimbo lilikuwa linamtafuta gavana.

Kwa Bibi uchaguzi ule ulikuwa na jina moja tu: Orval Faubus. Huyu ndiye gavana aliyewatuma askari wa jimbo mwaka 1957 wawazuie wanafunzi tisa Weusi wasiingie sekondari ya Central hapo Little Rock, hata Rais Eisenhower akalazimika kuleta wanajeshi wa Divisheni ya 101. Mwaka uliofuata Faubus akazifunga sekondari zote za mji, za Wazungu na za Weusi, mwaka mzima. Bibi alikuwa akifundisha sekondari ya Weusi. Mkataba wake ulikuwa hai, mshahara ulikuwa ukiingia, kwa hiyo kila asubuhi alivaa, akaenda, akaketi mbele ya madawati matupu mpaka saa ya kutoka. Aliponihadithia alinionyesha kwa mikono jinsi alivyokuwa akipanga chaki mezani, kwa urefu wake, halafu anazipanga upya.

Faubus alikuwa ametawala miaka 12, kuanzia 1955 hadi 1967, akapumzika, na sasa anataka kurudi. Kiti kilikuwa kwa Winthrop Rockefeller, Mrepublican, mjukuu wa yule tajiri wa mafuta, bwana mkubwa wa buti za wachunga ng'ombe ambaye Bibi alimpenda waziwazi. Alipouawa Martin Luther King mwaka 1968, Rockefeller alisimama na Weusi kwenye ngazi za makao ya serikali ya jimbo kumwomboleza. Kwa gavana wa Kusini, hilo lilikuwa jambo la kutajwa kwa wajukuu.

Basi jioni moja akatokea kwenye kioo mtu ambaye hatujapata kumwona. Amevaa tai, ana tabasamu la mwalimu wa shule ya Jumapili, na kweli kanisani kwao alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili. Anakutazama usoni, anazungumza polepole, hamtukani mtu. Jina lake Dale Bumpers, wakili wa Charleston.

"Charleston ndiyo wapi?" nikauliza.

"Si popote, mwanangu," Bibi akasema. "Utapita na gari usijue kama umepita."

Kura za maoni mwanzoni zilimpa kama asilimia moja. Wagombea wa mchujo wa chama cha Democratic walikuwa wanane, na katika Arkansas ya wakati ule mchujo huo ndio uliokuwa uchaguzi wenyewe, Rockefeller akiwa kioja kilichotokea katikati. Bumpers aliuza ng'ombe wake apate fedha za kampeni. Hilo lilizungumzwa sana, na naamini lilimfaa kuliko tangazo lolote: mkulima akisikia mtu kauza ng'ombe, anajua mtu huyo hana mzaha. Agosti alishika nafasi ya pili nyuma ya Faubus, na Septemba, katika marudio ya wawili hao, akamshinda kwa karibu asilimia 59. Novemba akamshinda Rockefeller kwa asilimia 62 hivi. Ndani ya miezi mitatu, wakili wa kijijini alikuwa amewaweka kando wanaume wawili walioitawala Arkansas miaka 16 mfululizo.

Usiku ule wa Septemba Bibi alicheka peke yake jikoni kwa kuanguka kwa Faubus. Usiku wa Novemba hakucheka. Alikuwa amempigia Rockefeller, kama walivyofanya Weusi wengi. Alisema huyu kijana ana maneno mazuri, lakini kampeni nzima hajamsikia akisema chochote kuhusu mtu Mweusi, si kizuri wala kibaya. "Mtu asiyesema," akaniambia, "ama amekuficha jema, ama amekuficha baya. Nitajuaje?"

Swali hilo nimekaa nalo zaidi ya miaka 50. Baadaye nilirudi nyumbani nikawa karani wa mahakama na hatimaye hakimu wa wilaya, na mawakili niliowasikiliza hawahesabiki. Kelele kortini nazijua, na ukimya pia naujua. Lakini jibu la kwanza nililipata hukohuko Arkansas, bila kulitafuta.

Makanisa ya kule yalipenda kuwaalika wanafunzi wa Afrika waje wazungumze. Unapewa chakula, unaonyesha picha za kwenu, unaimba wimbo mmoja, unarudishwa. Kwa njia hiyo nilifika upande wa magharibi wa jimbo, karibu na Fort Smith, na mchungaji aliyeniendesha akanipitisha Charleston, maana gavana alikuwa tayari fahari yao. Palikuwa na barabara moja ya maduka na jengo la mahakama lenye adabu zake. Wilaya ile ya Franklin ina makao makuu mawili, Ozark na Charleston, kwa sababu mto Arkansas unaikata, na zamani mtu hangeweza kuvuka kila anapoitwa kortini. Mji ulikuwa na watu elfu moja na kitu. Hapo ndipo Bumpers alipozaliwa mwaka 1925.

Baba yake alikuwa na duka la misumari, samani na vyombo vya shamba, na aliwahi kukaa kipindi kimoja katika bunge la jimbo. Alimlea mwanawe akiamini siasa ni kazi ya heshima. Bumpers mwenyewe alipenda kusimulia jinsi baba yake alivyompeleka Booneville mwaka 1938 kumwona Rais Franklin Roosevelt. Mtoto aliona rais anashikwa mkono, na baba akamweleza baadaye kwamba mtu yule hawezi kutembea, ana vyuma miguuni, na bado ni rais. Kijana akaenda jeshini, kikosi cha Marine, akaenda chuo kikuu, akaingia shule ya sheria ya Northwestern huko Chicago. Akiwa masomoni, mwaka 1949, ajali ya gari ikawaua baba na mama. Alipohitimu 1951 angeweza kubaki Chicago kwenye fedha. Akarudi Charleston, akalichukua duka, na juu ya duka akaongeza uwakili. Alikuwa wakili pekee mjini, na miaka mingi baadaye akaandika kitabu cha maisha yake kinachojitania kwa jambo hilohilo, kwamba yeye alikuwa wakili bora katika mji wenye wakili mmoja.

Watu wa miji hawajui kazi ya wakili wa namna hiyo. Nimewaona wa kwetu, Kwale na Malindi. Leo ni wosia, kesho mpaka wa shamba, keshokutwa mke na mume wasioweza tena kulala nyumba moja. Mpinzani wako analetwa kutoka mji mwingine, lakini kule Arkansas juri ni majirani. Wale watu 12 wanaokaa kukuamulia kesi ndio walionunua misumari kwako Jumamosi, na ndio utakaoimba nao Jumapili. Huwezi kuwahutubia kutoka juu. Huwezi pia kuwadanganya, maana wataijua kweli kabla ya mwezi kwisha. Unajifunza kuzungumza na mtu mpaka aone wazo ni lake.

Nyumbani kwa wenyeji wangu, baada ya chakula, mzee mmoja mfuga ng'ombe ndiye aliyeleta habari ya shule. Aliisema kama mtu anayetaja kisima kilichochimbwa zamani. Nikadhani sikusikia vizuri.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu ya Brown tarehe 17 Mei 1954, kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Kusini nzima ikaanza kutafuta namna ya kuikwepa. Charleston, kamati ya shule ilimwuliza wakili wake, na wakili, kijana wa miaka 28, akawashauri watii. Sheria ndiyo hiyo. Ama mnaifuata sasa kwa hiari, ama mtaifuata baadaye kwa kuburutwa. Palikuwa na hesabu pia, wala mzee hakuificha: watoto Weusi wa sekondari walikuwa wakisafirishwa kwa basi hadi Fort Smith, kilomita 40 hivi, na gharama ilikuwa ya kamati. Julai wakapiga kura kuivunja shule ya Weusi. Tarehe 23 Agosti shule ikafunguliwa, na watoto 11 Weusi wakaingia pamoja na Wazungu wapatao 480, madarasa yote 12. Hakuna mji mwingine katika majimbo yaliyopigana upande wa utumwa uliokuwa umefanya hivyo kabla yao.

Na hakuna aliyejua. Waliafikiana habari isifike kwa waandishi, na kwa wiki kadhaa haikufika. Ilipojulikana, watoto walikuwa wamekwisha kukariri viti vyao. Timu nyingine za mpira zilikataa kucheza nao, bendi ya shule nayo ikawa na matatizo yake, lakini askari hakuitwa hata mmoja.

Nilirudi Little Rock nikiwa na habari moto mdomoni. Nikamwambia Bibi: kumbe yule gavana wako asiyesema, haya ndiyo aliyoyafanya, miaka mitatu kabla ya Faubus! Nilitegemea afurahi. Aliendelea kumenya viazi.

"Shule ya Weusi ilikuwa na mwalimu?" akauliza.

Nikasema bila shaka ilikuwa naye.

"Akaenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Mzee hakumtaja, nami sikuuliza. Bibi alijua anachosema: kotekote Kusini, shule za Weusi zilipofungwa, walimu wao wengi walifutwa kazi, kwa kuwa wazazi wa Kizungu walivumilia mtoto Mweusi darasani kabla ya kumvumilia mwalimu Mweusi mbele ya darasa.

Tulibishana wiki nzima, mimi na kijana mmoja wa Meru niliyesoma naye tukiwa upande mmoja, Bibi peke yake upande wa pili, na ingekuwa korti angetushinda. Sisi tulikuwa na Hoxie mkononi. Hoxie ni mji mdogo wa Arkansas uliochanganya shule Julai 1955, waziwazi, na jarida la Life likaja likapiga picha za watoto wakicheza pamoja. Picha zikasambaa nchi nzima, na wabaguzi kutoka mbali wakamiminika Hoxie na mikutano na vitisho, mpaka kamati ya shule ikalazimika kwenda mahakamani kujikinga. Ilishinda, lakini kwa jasho. Na Little Rock yenyewe ilitangaza mpango wake miaka miwili kabla, ikawapa wapinzani nafasi ya kujipanga na gavana nafasi ya kupima upepo. Basi, tukasema, ukimya wa Charleston ulikuwa akili.

"Ulikuwa akili," Bibi akakubali. "Kwa mji wenye watoto 11. Sisi tulikuwa maelfu. Sisi ungetuficha wapi?"

Nakiri hoja hiyo sijaipatia jibu hadi leo. Ninachoweza kusema ni kwamba ukimya wa Bumpers wa 1954 haukuwa wa mtu anayejificha. Alikuwa na mke, duka linalotegemea wateja Wazungu, na wateja wale wangeweza kumfilisi bila kupiga kelele vilevile. Kwamba alipojaribu ubunge wa jimbo mwaka 1962 alishindwa, sijui kama shule ilihusika. Wapiga kura wana sababu zao. Lakini ukimya wa 1970 ulikuwa wa namna nyingine. Ule ulikuwa wa mgombea. Alitaka kura za watu waliompenda Faubus na za watu waliomchukia, na njia ya kuzipata zote ni kutokumbusha yeyote lililowagawa. Nimewaona wanasiasa wetu wakifanya kinyume, wakiwakumbusha watu kabila lao kila Jumamosi uwanjani, kwa hiyo simlaumu sana. Kwetu mwanasiasa asiyepiga kelele huhesabiwa mgonjwa.

Kama gavana, kuanzia Januari 1971, alifanya kazi ambayo haina hadithi tamu. Idara na ofisi za jimbo zilizozidi 60 alizikusanya zikawa 13. Alipandisha kodi ya mapato, wenye nacho wakatoa zaidi, katika jimbo ambalo katiba inadai robo tatu za kura bungeni kupandisha kodi kama hiyo. Ukitaka kuona wakili wa kijijini anafanya nini, ndipo hapo: kumpata mbunge mmoja, halafu mmoja, kwa mazungumzo ya pembeni, mpaka robo tatu itimie. Fedha zikaenda kwenye shule za chekechea, kwenye vyuo vya jamii, na kwenye vitabu vya bure kwa wanafunzi wa sekondari.

Hivi vitabu ndivyo vilivyomgusa Bibi. Katika maisha yake yote ya ualimu, vitabu vya shule za Weusi vilikuwa vile vilivyochakazwa na shule za Wazungu, majina ya watoto wengine yamejaa kwenye jalada la ndani, kurasa zimechanwa. Nilipokuwa nafunga virago 1973 kurudi Kenya, jirani yake alikuwa na mtoto aliyeleta nyumbani kitabu cha historia kilichonukia wino. Bibi alikifungua jalada la ndani kwanza. Mwaka uliotangulia alikuwa amempigia Bumpers kura. Hakuniambia yeye, jirani ndiye aliyeniambia.

Habari za 1974 zilinifikia Mombasa, gazetini, siku kadhaa baada ya tukio. Bumpers amemshinda Seneta J. William Fulbright katika mchujo, kwa karibu theluthi mbili za kura. Ofisini kwetu ilikuwa kama msiba. Fulbright! Nani Afrika Mashariki aliyesoma asijue jina hilo? Wahadhiri wetu wangapi wameenda Marekani kwa udhamini wake? Alikuwa seneta tangu 1945, mwenyekiti wa kamati ya mambo ya nje, aliyeipinga vita ya Vietnam mbele ya dunia nzima. Na sasa kaondolewa na wakili wa ng'ombe. Wenzangu waliona ni ushenzi wa Wamarekani.

Nilikuwa na la kuwaambia, nami nikawaambia. Mwaka 1956, wabunge wa Kusini walipotia sahihi tamko la kuipinga hukumu ya Brown, Fulbright alitia sahihi. Mtu aliyetoa maisha yake ili mtoto wa Ghana na mtoto wa Ujerumani wakasome nchi za watu, aliweka jina lake dhidi ya mtoto Mweusi wa Arkansas kusoma mtaa wa pili. Na aliyemshinda, ambaye hakuna darasa la Nairobi linalolijua jina lake, alikuwa amekwisha kuwafungulia mlango watoto 11. Sisemi hilo ndilo lililomwangusha Fulbright. Watu wa nyumbani walisema amewasahau, anajua njia za Vienna kuliko za Arkansas. Nasema tu kwamba sifa husafiri kwa meli tofauti na matendo.

Katika Seneti Bumpers alikaa miaka 24, na sehemu kubwa ya hiyo nitaipita, maana aliishi huko kama mtu aliyezoea kushindwa kwa hoja nzuri. Miaka na miaka aliipiga vita sheria ya madini ya 1872, iliyowaruhusu watu kununua ardhi ya umma kwa dola mbili na nusu hadi tano kwa ekari, na hakuishinda. Alikuwa akitembea ukumbini na waya mrefu wa kipaza sauti ukimfuata, kama bado ana juri mbele yake la kulikaribia. Walimtajataja kwa urais mara kadhaa, hakugombea.

Mkewe, Betty, ndiye aliyetufikia sisi huku, kwa njia ambayo yeye mwenyewe pengine hakuifikiria. Alikuwa mwalimu, na alipokuwa mke wa gavana alikuta watoto wa Arkansas hawachanjwi. Akaanza kampeni ya jimbo, akaipeleka taifa zima akishirikiana na Rosalynn Carter, mke wa Rais Carter. Kituo cha utafiti wa chanjo cha serikali ya Marekani, huko Bethesda, kina jina la Dale na Betty Bumpers. Chanjo ya majaribio ya Ukimwi iliyobuniwa kituoni humo ilijaribiwa miaka ya 2000 Kampala, Mbeya na Kericho. Haikufaulu kuwa kinga, kama nyingine nyingi. Lakini nilipoliona jina hilo katika makala ya gazeti nilimpigia simu yule rafiki yangu wa Meru, tukacheka kama vijana.

Tarehe 21 Januari 1999, nikiwa nimestaafu, nilimwona Bumpers tena kwenye kioo. Alikuwa ameondoka Seneti wiki tatu hazijatimia, na Rais Clinton, mtu wa jimbo lake, gavana aliyemfuatia miaka kadhaa baadaye, alikuwa anashtakiwa mbele ya Seneti ili aondolewe, kwa madai ya kusema uongo kiaponi kuhusu uhusiano wake wa nje ya ndoa. Mawakili wa rais walikuwa wamezungumza siku tatu, kwa vifungu na nukuu. Mwishoni wakamsimamisha mzee wa Charleston, miaka 73, nywele nyeupe.

Niliisikiliza kama hakimu. Hakutetea tendo la rais hata kwa neno moja. Aliliita la aibu. Alizungumza kuhusu mke na binti wanaoumia nyumbani. Alizungumza kuhusu kesi za talaka alizozishughulikia huko kijijini, na jinsi watu waungwana wanavyosema uongo kiaponi juu ya kitanda. Alifanya utani kuwa mtu akikwambia shauri hili si la fedha, basi ni la fedha, na ukisikia hili si la mambo ya kitandani, basi ujue ndilo hilo. Ukumbi ukacheka, hata waliotaka rais aondoke. Nilimtambua kabisa: ni yule wa kiangazi cha 1970 anayekutazama usoni, anayezungumza na juri la majirani, safari hii majirani wenyewe wakiwa maseneta mia.

Sidhani alibadili kura hata moja. Zilipopigwa tarehe 12 Februari, shtaka la kwanza lilipata 45 na la pili 50, na zilihitajika 67. Kesi ya namna hiyo nimewahi kuwa nayo mbele yangu mara nyingi: kila mtu amekwisha kuamua, na wakili mzuri anajua hivyo. Anachobaki nacho ni kuwapa watu maneno watakayoyatumia wakirudi nyumbani kuulizwa kwa nini. Baadhi ya maseneta wale, siku zilizofuata, walipoelezea kura zao, niliwasikia wakisema mambo ya mke na binti.